Mume amefariki, kipato kimeshuka, kodi imepanda: kisa cha shangazi na mafao yake ya Social Security

Machi 2025 shangazi yangu alinipigia simu akiwa na karatasi mkononi, nasikia kabisa anavyoigeuzageuza. Yuko Texas miaka zaidi ya thelathini, kafanya kazi hospitali mpaka kustaafu, na tangu astaafu hajawahi kudaiwa kodi ya mapato hata dola moja. Sasa aliyemjazia fomu za mwaka 2024 kamwambia anadaiwa dola 2,909. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mume wangu kafa, hela imepungua, hii kodi inatoka wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nikamwambia anitumie picha za karatasi zote, nikakaa nazo wiki nzima nikipiga hesabu upya kwa mkono, na ninachoandika hapa ndo nilichokikuta. Amekubali niandike mradi nisimtaje jina. Naandika na namba zake zote kwa sababu wajane wa kipato cha kawaida kama yeye ni wengi sana hapa Marekani na wengi wanapigwa na kitu hikihiki bila kujua kimetoka upande gani.

Tuanze na hali ilivyokuwa mume wake yupo. Mwaka 2023 Mzee alikuwa anapokea dola 2,000 kwa mwezi za Social Security (mafao ya uzeeni ya serikali), shangazi 1,200. Hapo ukijumlisha mwaka mzima ni 38,400. Shangazi ana pensheni ndogo ya hospitali, 800 kwa mwezi, na ana akaunti ya IRA (akiba ya uzeeni ambayo kodi yake unalipa unapotoa hela) aliyokuwa anatoa 700 kwa mwezi. Wakitolewa Medicare Part B (bima ya afya ya wazee), ambayo mwaka ule ilikuwa 164.90 kila mtu, walikuwa wanabaki na kama 4,370 kwa mwezi wawili. Nyumba imeshalipwa. Hawakuwa matajiri wala hawakuwa wanalala njaa, walikuwa wanapumua.

Kodi yao 2023 ilikuwa sifuri, na hapa lazima nieleze jinsi IRS (mamlaka ya kodi ya serikali kuu) wanavyopima maana bila hiyo huwezi kuelewa mengine. Social Security haitozwi kodi yote wala haisamehewi yote. Wanachukua nusu ya mafao yako, wanajumlisha na mapato yako mengine yote (pensheni, ulichotoa IRA, riba ya benki, hata riba ya bondi za manispaa ambayo kwa kawaida haina kodi), hiyo jumla mimi naiita mapato ya kupimia. Kama mmefaili (mmejaza fomu ya kodi) pamoja mke na mume, mapato ya kupimia yakiwa chini ya 32,000 mafao hayaguswi. Kati ya 32,000 na 44,000, kila dola inayozidi inaingiza senti 50 za mafao kwenye hesabu ya kodi. Ukipita 44,000 kila dola inaingiza senti 85, mpaka ifike mwisho kwamba asilimia 85 ya mafao yako yote yameingia, haiendi zaidi ya hapo. Na tuelewane vizuri, kuingia kwenye hesabu si kwamba umekatwa asilimia 85, ni kwamba hiyo sehemu sasa inatozwa kodi kama mshahara. Watu wengi wanachanganya hapo wanapata presha bure.

Basi kwao: nusu ya 38,400 ni 19,200, weka 18,000 ya pensheni na IRA, unapata 37,200. Imezidi 32,000 kwa 5,200, nusu yake 2,600 ndo ikaingia. Jumla ya mapato ya kodi 20,600. Lakini punguzo la kawaida (kiasi cha mapato ambacho hakitozwi kodi) kwa wenza wawili waliopita miaka 65 lilikuwa 30,700 mwaka ule. Yaani walikuwa chini ya punguzo kwa zaidi ya dola elfu kumi. Hiyo elfu kumi iliyobaki wazi muikumbuke, nitairudia, maana ndo inayoniuma mpaka leo.

Mzee akafariki mwanzoni mwa Desemba 2023.

Social Security hailipi mwezi wa kifo. Hela ya Desemba, ambayo ingeingia Januari, kwa Mzee haikuwepo. Mke anaanza kuhesabiwa kama mjane, na kama ameshafika umri kamili wa kustaafu (kwake ni 66) anachukua ile kubwa kati ya mbili, ile ndogo inakufa. Kwa hiyo 1,200 yake ikafa, akabaki na ya Mzee, ambayo kwa nyongeza ya mwaka 2024 ya asilimia 3.2 ikawa 2,064. Kaya iliyokuwa inapata 3,200 sasa inapata 2,064. Bili ya umeme haikujua kwamba Mzee hayupo, bima ya nyumba haikujua, kodi ya kumiliki nyumba haikujua. Shangazi akapandisha anachotoa IRA kutoka 700 mpaka 1,200 kwa mwezi ili aweze kuishi. Ukitoa Part B ya 174.70, mkononi ilikuwa inabaki kama 3,889. Kwa hiyo anapata pungufu ya 480 kila mwezi ukilinganisha na zamani, na huku anakula akiba kwa kasi kubwa zaidi.

Sasa angalia sheria inamwonaje. Mwaka wa kifo unaruhusiwa bado kufaili kama wenza. Mwaka unaofuata, kama huna mtoto mdogo unayemlea, wewe ni single tu. Na vizingiti vya single si 32,000 na 44,000, ni 25,000 na 34,000. Punguzo la kawaida nalo lilishuka, 2024 kwa mtu mmoja aliyepita 65 lilikuwa 16,550. Piga hesabu: pensheni 9,600, IRA 14,400, jumla 24,000, ongeza nusu ya mafao ambayo ni 12,384, unapata 36,384. Mwanamke huyu ambaye kipato chake kimeshuka amepita kizingiti cha JUU. Mafao yanayoingia kwenye kodi yakatoka 2,600 ya watu wawili mpaka 6,526 ya mtu mmoja. Kodi: dola 1,445. Hiyo ni kabla hatujagusa jambo la paa la nyumba yake, nitalifikia.

Nataka nisimame hapa kidogo kwa sababu watu wakisikia hivi wanadhani mjazaji kakosea. Hajakosea. Mpaka 1983 mafao ya Social Security hayakuwa na kodi ya mapato kabisa. Mwaka ule mfuko ulikuwa unakaribia kukauka, tume iliyoongozwa na Alan Greenspan ikatoa mapendekezo, Reagan akasaini sheria Aprili 1983, na kuanzia 1984 nusu ya mafao ikaanza kuhesabika kwa waliozidi 25,000 au 32,000. Mwaka 1993 wakati wa Clinton wakaongeza daraja la pili, la asilimia 85, kwa waliozidi 34,000 au 44,000. Na hizo namba hazikufungwa na mfumuko wa bei. Madaraja ya kodi yanapanda kila mwaka, punguzo la kawaida linapanda, mafao yenyewe yanapanda, lakini 25,000 ya 1984 ni 25,000 leo. Bei za vitu Marekani zimepanda karibu mara tatu tangu pale. Mtu wa 25,000 mwaka 1984 alikuwa na uwezo wa mtu wa elfu sabini na tano hivi sasa, kwa hiyo kodi iliyowalenga wenye nafuu imemshukia mstaafu wa hospitali anayehesabu bili za dawa. Na kila nyongeza ya mwaka inayotolewa ili wazee wasizidiwe na bei inawasukuma wengine kuvuka mstari huohuo. Sioni haki yoyote hapo, naomba niseme wazi.

Shangazi aliniambia pia, kwa uchungu, "hii hela si nilishakatwa nikiwa kazini?" Alikatwa kweli, asilimia 6.2 ya mshahara. Hoja ya 1983 ilikuwa kwamba nusu nyingine alilipa mwajiri, na hiyo mfanyakazi hakuwahi kuilipia kodi, ndo maana wakaanzia na nusu. Nilimweleza, akanyamaza, akasema sawa lakini inauma. Inauma.

Haya, paa. Paa la nyumba lilikuwa limechoka, na fundi alishawapa makadirio ya dola 10,800 tangu Agosti 2023. Mzee akawa anaumwa, mambo yakasimama. Mei 2024 maji yakaanza kuingia chumbani, ikawa hakuna kusubiri. Shangazi akapiga simu kampuni inayoshika IRA yake, wakamwambia kwa kawaida wanakata asilimia 10 ya kodi ya serikali kuu kabla ya kutuma. Akafanya hesabu yake vizuri tu, akaomba 12,000, wakakata 1,200, ikaja 10,800, akamlipa fundi, akajua kodi imeishia pale. Mi nadhani asilimia kubwa ya wazee wangefikiri hivyohivyo. Ile asilimia 10 ni malipo ya awali tu, hakuna aliyeangalia hali yako kuipanga. Kodi yenyewe inakuja kujulikana mwaka ukiisha.

Na hiyo 12,000 ilifanya nini? Iliingia yenyewe kwenye hesabu, halafu kwa sababu alishapita 34,000, kila dola yake ikavuta senti 85 za mafao nyuma yake. Yaani dola 12,000 alizotoa zikawa 22,200 machoni pa IRS. Mafao yaliyoingia yakaruka kutoka 6,526 mpaka 16,726. Mapato ya kodi yakafika 52,726, toa punguzo, baki 36,176, kodi 4,109. Bila paa ingekuwa 1,445. Kwa hiyo paa peke yake limeleta kodi ya 2,664. Daraja lake la kodi kwenye jedwali linasema asilimia 12, lakini kwenye hizo dola 12,000 alitozwa asilimia 22.2, kwa sababu 12 mara 1.85 ndo hiyo. Toa 1,200 iliyokatwa awali, deni 2,909. Karatasi ilikuwa sahihi mpaka dola ya mwisho.

Jambo lingine dogo ambalo lilimchanganya: fomu ya SSA-1099 inaonyesha mafao kabla ya kukatwa Part B. Yeye anajua anapata 1,889 maana ndo inaingia benki. IRS wanajua anapata 2,064. Hesabu zote zinaanzia kwenye ile kubwa.

Kitu kimoja kilimwokoa. Ukidaiwa hela nyingi kodi mwisho wa mwaka huku hukulipa kidogokidogo unaweza kupigwa faini ya kulipa pungufu, lakini kama mwaka uliotangulia ulikuwa wa miezi 12 na kodi yako yote ilikuwa sifuri, na ni raia au mkazi, faini hiyo haikuhusu. 2023 yake ilikuwa sifuri. Akanusurika. Mwaka wa pili asingekuwa na kinga hiyo.

Sasa kingeweza kufanyika nini? Wapo waliomwambia angegawa, atoe nusu 2024 na nusu 2025. Nimepiga, kwa sheria ilivyokuwa wakati ule isingesaidia, kwa sababu tayari alikuwa juu ya 34,000 miaka yote miwili, kila dola ingevuta senti 85 uitoe Desemba au Januari. Ushauri wa kugawa unafaa kwa aliye chini ya kizingiti na anataka asikivuke. Yeye alishavuka siku mume wake alipofariki.

Ambalo lingesaidia ni ile nafasi ya 2023 niliyosema muikumbuke. Kama hiyo 12,000 ingetolewa kabla ya tarehe 31 Desemba 2023, wakiwa bado wanahesabika wenza, nimepiga hesabu kodi yake ingekuwa dola 972. Badala ya 2,664. Na kama wangetoa 6,700 tu zisingekuwa na kodi kabisa, sifuri. Makadirio ya fundi walikuwa nayo tangu Agosti. Hata baada ya msiba zilibaki wiki tatu na kitu. Lakini nani anakaa kwenye matanga anafungua akaunti ya IRA? Simlaumu yeye hata kidogo. Ninachojuta ni kwamba mimi nilikuwepo, nilikuwa naenda pale kila Jumapili, na sikujua cha kuuliza.

Na si 2023 tu. Mwaka wowote kama ule wangeweza kuhamisha elfu sita hivi kutoka IRA ya kawaida kwenda Roth (IRA ambayo kodi unalipa unapoweka, si unapotoa) bila kulipa kodi, wakitumia nafasi ya punguzo ambayo ilikuwa inapotea kila Desemba. Hela ikitoka Roth kwa mtu wa umri wake haiingii kwenye mapato ya kupimia, haivuti mafao. Miaka mitano ya hivyo ni elfu thelathini, paa lingelipwa lote bila senti ya kodi na bado ikabaki. Kwa wenza ambao mmoja anaumwa au mmoja ana mafao makubwa kuliko mwenzake, hii miaka ya kufaili pamoja ina thamani ambayo hamuioni mkiwa ndani yake, kwa sababu kodi ni sifuri na kila mtu anadhani sifuri ndo mwisho wa mazungumzo.

Alikuwa na akiba pia, dola 9,000 benki, ya dharura. Aliogopa kuigusa. Kulipia sehemu ya paa kwa hiyo ingekuwa nafuu mwaka ule maana hela ya benki ilishalipiwa kodi, haihesabiwi tena. Namwelewa lakini, mjane wa miezi mitano kubaki na sifuri benki ni kitu kigumu.

Tulipofika kwenye kulipa deni nilimkataza jambo moja kwa nguvu zote: usitoe tena IRA ili ulipe kodi ya IRA, unajitengenezea kodi nyingine ya mwaka unaofuata. IRS wana mpango wa siku 180 usio na ada ya kufungua, riba na faini ndogo ya kuchelewa inaendelea lakini inabebeka. Yeye akasema hataki kudaiwa na serikali, akalipa yote kutoka ile akiba. Ikabaki kama 6,000.

Halafu tukapanga 2025. Kuanzia Mei 2025 alijaza fomu W-4R, IRA yake ikawa inakatwa asilimia 5, dola 60 kwa mwezi. Tungeweza kukata kwenye Social Security yenyewe kwa fomu W-4V lakini pale unachagua 7, 10, 12 au 22 tu, na asilimia 7 kwake ni kama 148 kwa mwezi, nyingi kuliko anachohitaji.

Julai 2025 ikaja sheria mpya. Watu wakaanza kutumiana kwamba Social Security haina kodi tena, shangazi naye akanipigia kwa furaha, ikabidi nimwambie taratibu kwamba sivyo. Vizingiti ni vilevile, 25,000 na 34,000, hesabu ya kupimia ni ileile. Kilichoongezwa ni punguzo la dola 6,000 kwa kila aliyefika miaka 65, kuanzia mwaka 2025 mpaka 2028, na linaanza kupungua ukipita mapato ya 75,000 kwa mtu mmoja. Kwake ni msaada wa kweli. Mafao yake 2025 ni 2,115 kwa mwezi, yaliyoingia kwenye kodi ni 6,786, mapato ya kodi 30,786, na mapunguzo yote pamoja yakawa 23,750. Kodi 704. Bila hilo punguzo jipya ingekuwa 1,326. Walikata 480 kuanzia Mei mpaka Desemba, kwa hiyo mwaka huu tulipofaili alilipa 224, na deni likiwa chini ya 1,000 hakuna faini. Ila 2029, sheria isipobadilishwa, punguzo hilo halitakuwepo, na nimemwandikia hilo kwenye karatasi iliyo ndani ya faili lake.

Jingine tuliloanza Januari 2026 ni sadaka. Anatoa 150 kwa mwezi kanisani, miaka yote, kwa hela iliyoshaingia benki, na kwa kuwa anatumia punguzo la kawaida haikuwahi kumsaidia kwenye kodi. Aliyepita miaka 70 na nusu anaruhusiwa kutuma sadaka moja kwa moja kutoka IRA kwenda kwenye taasisi inayotambulika, na hela hiyo haiingii kwenye mapato kabisa, haivuti mafao, na inahesabika kwenye kiasi cha lazima anachotakiwa kutoa kila mwaka tangu alipofika 73. Hela isipite mikononi mwake, hilo ndo sharti, hundi iandikwe kwa jina la kanisa. 1,800 kwa mwaka, kwa hali yake inaokoa kama 333. Kanisa linapata ileile.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo kwa hiyo hesabu yetu imeishia hapo, lakini kama uko Minnesota, Colorado, Utah na majimbo mengine machache, jimbo nalo linaweza kugusa mafao kwa masharti yake, angalia kabla hujatoa hela.

Kilichobaki mezani ni IRA yenyewe. Mwisho wa 2023 ilikuwa na 159,000, kiasi cha lazima kwa 2024 kilikuwa 6,000 tu (159,000 gawa kwa 26.5, namba ya jedwali la IRS kwa umri wake), yeye akatoa 26,400. Kwa kasi ya 14,400 kwa mwaka sina amani nayo, ana mama yake aliyefika miaka 96, naye akiishi hivyo hela inaweza kumwishia. Tunajadiliana ashushe mpaka 1,000 kwa mwezi. Hiyo ingempunguzia pia kodi, maana kila 100 asiyoitoa ni 185 zisizoingia kwenye hesabu. Anasema atafute kwanza bima ya gari iliyo nafuu, na gari la Mzee ambalo limekaa gereji tangu msiba aliuze. Ameniomba nisimharakishe kwenye hilo la gari.